Marehemu Tharsisi Ntahondi, Mzee Mabuye, na Jiwe Lisilokuwa Lake

Marehemu Tharsisi Laurenti Ntahondi, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Mabuye, yaani Mzee Mawe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1942 hapa hapa Kitahana, Wilaya ya Kibondo. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Laurenti Ntahondi na Mama Pelagia, ambao wote wametangulia. Walizaliwa watano wakakua wawili: yeye, na mdogo wake Mwalimu Anania, ambaye ndiye aliyeandika karatasi hii na ndiye anayewasomea. Mama Pelagia alipenda kusimulia kwamba mwanawe huyo alianza kuokota mawe kabla hajajua kutembea sawasawa, na kwamba mara mbili alimkuta na kokoto mdomoni. Karibu na mlango wa jiko lao palikuwa na mawe ya kusagia, lile kubwa la chini na lile dogo la juu la kushika kwa mikono miwili. Kila yalipolainika, Mama aliyagongagonga kwa jiwe gumu mpaka yakaota meno upya. Mlio huo ndio uliowaamsha watoto wake asubuhi nyingi. Muukumbuke, maana tutaurudia.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1950 katika shule ya misheni, akitembea kilomita kumi na moja kwenda na kumi na moja kurudi. Alisoma shule ya kati Kasulu, na mwaka 1958 akachaguliwa kwenda sekondari Tabora. Mwaka 1963 aliajiriwa Dodoma kuwabebea wapima miamba vifaa vyao, na hapo ndipo alipogundua kwamba kumbe kuna watu wanaolipwa mshahara kwa kuokota mawe. Alipata nafasi ya kusoma ng'ambo mwaka 1966, akahitimu shahada ya jiolojia mwaka 1970. Aliporudi nyumbani Oktoba ya mwaka huo, sanduku lake la bati lilibebwa na vijana wanne kutoka barabarani, wakipokezana na kutokwa jasho. Ukoo mzima ulijaa uani kungoja zawadi za Ulaya. Likafunguliwa. Mama Pelagia akaliinamia, akatazama kwa muda, kisha akasema polepole: "Mwanangu, mawe tulikuwa nayo." Marehemu alikisimulia kisa hicho mpaka uzeeni, na kila mara alicheka yeye wa kwanza.

Alioa tarehe 24 Juni 1972, mjini Kasulu, akamchukua Immakulata, binti wa fundi cherehani. Siku ya posa, wazee wakiwa katikati ya maneno mazito, bwana harusi mtarajiwa aliinama akaokota kijiwe uani kwa wakwe, akakilamba akione rangi. Baba mkwe akauliza kama kijana anaumwa. Hata hivyo walimpa binti yao, na ndoa hiyo ikadumu miaka ishirini na sita na kuzaa watoto watatu.

Kazi yake kubwa ilikuwa makumbusho mjini Dar es Salaam, alikoajiriwa mwaka 1971 katika idara ya mawe na madini. Kila kiangazi alitoka na Landrova, nyundo, kioo cha kukuzia, mifuko ya turubai na daftari. Alizunguka Manyovu kwenye mawe mekundu, Kasulu kwenye miamba ya volkano ya kale, akashuka hadi bonde la Malagarasi. Alikuwa na desturi mbili ambazo hakuziacha kamwe. Ya kwanza, alivunja jiwe kwanza ndipo akaliuliza habari zake, kwa kuwa alisema ngozi ya jiwe hudanganya, ukweli uko ndani. Ya pili, papo hapo aliandika mahali, tarehe na namba, kisha akalitia jiwe doa la rangi nyeupe na namba ile ile. Aliwaambia vijana wa idara yake kwamba jiwe lisilojulikana lilikotoka ni kokoto tu, lirudishwe barabarani. Watu walimsifu kwa uangalifu huo, na alistahili.

Hapa ndugu waombolezaji mtuvumilie. Wasifu wa kawaida ungekwenda moja kwa moja kwenye ugonjwa. Jana asubuhi wazee wa ukoo walishauri uende hivyo, wakisema marehemu hasemwi. Mwalimu Anania aliwajibu kwamba yasemwayo hapa yametoka kinywani mwa marehemu mwenyewe, aliyeagiza yasomwe. Wakakubali, ingawa hawakuridhika. Bwana Isihaka wa duka la vifaa vya shule pale Kibondo mjini, aliyetuchapia karatasi hizi, naye aliinua kichwa kwenye taipureta yake mara mbili akauliza, "Mwalimu, na haya nayo niyachape?" Aliambiwa ayachape. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio ndicho hiki.

Mwishoni mwa mwaka 1993, vita vilipowaka Burundi, Mama Pelagia alimpokea nyumbani kwake mwanamke mmoja kutoka Moso aitwaye Niyubahwe. Alivuka mpaka na mtoto mchanga mgongoni, jina lake Ndihokubwayo, na kichwani alikuwa na kifurushi kimoja. Ndani ya kifurushi mlikuwa na kitenge, chumvi, na jiwe la juu la kusagia alilopewa na mama yake. Jiwe la chini lilimshinda uzito akaliacha. Hilo la juu lilikuwa jeusi, lenye madoa meupe kama maharage, na hakuna jiwe la namna hiyo Kitahana nzima. Akina mama wengi mlioketi hapa mlilishika kwa mikono yenu.

Tarehe 17 Agosti 1994, siku ya Jumatano, Niyubahwe alilipeleka jiwe lake kijitoni. Alikuwa amelichonga meno upya, akataka kulisafisha vumbi. Mtoto akalia nyumbani kwa homa ya surua. Akaliacha jiwe majini akakimbia. Aliporudi, halikuwepo.

Asubuhi ile ile marehemu, ambaye katika mzunguko wake wa kiangazi alikuwa amelala siku mbili kwa mama yake, alikuwa akishuka na kijito hicho, nyundo mkononi. Aliliona jiwe jeusi ndani ya maji na moyo ukamruka. Jiwe la volkano, Kitahana! Kwa elimu yote ya wakati huo, miamba ya namna hiyo haikufika huku, ilikomea mbali. Akalitoa, akaona vishimo vidogo vidogo vimejaa usoni mwake, akasema ni mapovu ya volkano yaliyoganda. Akafanya kama alivyofanya siku zote. Akalivunja vipande viwili, akatazama ndani, akaandika: "Namba 94/117. Kijito cha Kitahana. Mkusanyaji: T. L. Ntahondi." Siku ile hakurudi nyumbani, alilala Kibondo mjini, na kesho yake alfajiri aliondoka nalo kwenda Dar es Salaam, wala hakumwonyesha mtu.

Vile vishimo havikuwa mapovu. Yalikuwa meno ya jiwe la kusagia, yaliyochongwa juzi yake kwa mkono wa mwanamke, umbali wa hatua chache kutoka kitanda alicholala marehemu. Mlio wa kuchonga aliusikia, alikiri baadaye. Ulimkumbusha utoto wake, akageuka upande wa pili akaendelea kulala. Mtoto wa Kitahana, aliyekuzwa kwa uji wa mtama uliosagwa kwa mawe kama hayo, aliliokota jiwe la kusagia asilitambue, kwa sababu alilitazama kwa macho aliyorudi nayo kutoka ng'ambo. Alisema katika maisha yake yote hakuna jambo lililomtia haya kama hilo, na kwamba hata hivyo lilikuwa jepesi kuliko yaliyofuata.

Kijitoni asubuhi ile alionekana mtu mmoja akiteka maji, naye ni Dorcas, mke wa Mwalimu Anania. Walikuwa na miaka saba ya ndoa, na hawakuwa wamejaliwa mtoto. Mnajua maneno yalivyotembea. Mwanamke asiye na mtoto akimfichia jiwe la kusagia mwenye mtoto, si njaa tu anayomtakia. Na mtoto wa Niyubahwe alikuwa hoi kwa surua. Lisemwalo lipo, watu wakasema. Jumapili tarehe 21, baada ya ibada, wakakusanyika katika ua huu huu, Dorcas akasimamishwa katikati.

"Jiwe sikulichukua," alisema. "Nikiapa mtasema naapa uongo, nisipoapa mtasema nimekiri. Sasa mnataka niseme lipi?"

Alimgeukia mumewe, na kila mtu aliyekuwepo aliliona hilo. Mwalimu Anania, anayejua kusema mbele ya darasa la watoto themanini, aliangalia viatu vyake. Jumatatu alimbebea mkewe mzigo hadi barabarani, akampandisha gari la kwenda kwao Nyakitonto, akarudi shuleni kusahihisha madaftari ya hesabu. Hakumfukuza kwa mdomo, na kwa miaka minne alijifariji kwa hilo, kama vile kufukuza kunahitaji mdomo. Mtoto wa Niyubahwe alipona wiki ile ile. Jina la Dorcas halikupona, wala hakuna aliyerudi kuuliza kwa nini mchawi ameshindwa.

Kule Dar es Salaam mambo ya marehemu yalinyooka. Desemba 1995 ukumbi mpya wa mawe ya magharibi ulifunguliwa, na 94/117 likawekwa katikati, ndani ya kioo, vipande viwili vikiwa vimeng'arishwa. Alisoma makala mbele ya wenzake kueleza kwamba volkano ile ya kale ilifika Kibondo. Akapandishwa kuwa mkuu wa idara. Mdogo wake alikuwa amemwandikia barua ya mistari mitatu tu, kwamba mke amerudi kwao, naye alijibu kwa kumpa pole.

Mama Pelagia alifariki tarehe 9 Juni 1996. Marehemu alikuja kumzika, na siku ya tatu ya matanga aliuliza mbona shemeji yake hakuja hata kumlilia mkwewe. Wanawake wakamsimulia yote. Akauliza hilo jiwe lilikuwa na rangi gani. Jeusi, wakasema, lina madoa meupe kama maharage; lilipotea siku ile surua ilipokuwa inawamaliza watoto, katikati ya Agosti. Aliinuka, akaingia ndani, akafungua begi na kutoa daftari lake. Kisha alitoka akaketi mahali pale pale, akaomba chai. Alikunywa, akaongea habari za mvua. Baada ya siku mbili akaondoka.

Angeweza kusema. Ua ulikuwa umejaa watu wale wale, na Nyakitonto si ng'ambo. Lakini kusema kungemaanisha kuandika upya kadi ya jiwe, kuifuta makala, na kuwaambia wenzake kwamba mkuu wa idara ameshindwa kutofautisha mwamba na chombo cha jikoni. Alijiambia atasema akistaafu. Mwaka 1997 mwenzake mmoja alikuja Kitahana akatembea kijito siku mbili asione hata kipande cha jiwe kama lile. Marehemu alimjibu kwa maandishi kwamba hakutafuta vizuri. Alisema siku aliyoitia sahihi barua hiyo ndipo alipojijua yeye ni nani.

Ugonjwa ulianza mwishoni mwa mwaka huo, kikohozi kisichosikia dawa. Madaktari walisema ni vumbi la mawe, alilovuta miaka ishirini na sita akiyakata na kuyang'arisha. Alistaafu tarehe 30 Aprili 1998. Siku hiyo ya mwisho aliandika barua kwa makumbusho: "Jiwe namba 94/117 halikutoka Kitahana. Ni jiwe la kusagia, mali ya Niyubahwe wa Moso, Burundi. Mimi ndiye niliyelichukua na mimi ndiye niliyelivunja. Makala yangu ifutwe." Alikuwa ameomba ruhusa ya kulirudisha jiwe, akisema tu kwamba lina mwenyewe, akapewa. Barua hakuthubutu kumkabidhi mtu mkononi. Aliiweka mezani, akalifunga jiwe kwa gazeti, akashuka ngazi. Mwezi Mei alifika hapa nyumbani na Immakulata wake, na safari hii sanduku lilikuwa jepesi.

Hata hapo alikaa miezi miwili bila kusema. Jumapili tarehe 12 Julai alimwita mdogo wake, akaagiza sanduku lisogezwe kitandani, akafunua gazeti. Alisimulia kwa kupumzikapumzika, kwa kuwa pumzi haikutosha. Mwalimu Anania alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alitoka, na kwa siku mbili hakukanyaga chumba kile. Immakulata akawa anamlisha mgonjwa na kumgeuza peke yake. Siku ya tatu Anania aliingia akiwa na maneno yake makali ameyapanga, akayamwaga yote. Marehemu hakubisha hata moja. Alingoja yaishe, akasema:

"Kweli, mdogo wangu. Mimi nilichukua jiwe. Lakini mke ulimtoa wewe."

Tangu siku hiyo hawakugombana tena. Marehemu alitamani sana kwenda Nyakitonto mwenyewe, kumpigia magoti shemeji yake, na kila wiki alisema atakwenda akipata nafuu. Mwalimu Anania, mwenye miguu mizima, hakuwa na nafuu ya kungojea, na bado hakwenda. Mara shule, mara maharage hayajavunwa, mara mitihani ya darasa la saba imekaribia. Alianza na safari iliyokuwa rahisi. Mwezi Agosti alikwenda kambi ya wakimbizi, Kasulu, anakoishi Niyubahwe sasa, akamweleza. Niyubahwe alilia, kisha akasema jambo moja: "Mwalimu, mimi nilisema nimemwona Dorcas kijitoni. Neno la wizi mlilimalizia wenyewe." Ndivyo ilivyokuwa.

Hali ya marehemu ilibadilika ghafla usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba. Alifariki Jumatano hiyo saa tatu asubuhi, hapa nyumbani, akiwa na mkewe na mdogo wake. Maneno yake ya mwisho yaliyosikika yalikuwa swali, kama Anania amekwisha kwenda. Anania alimjibu kwamba amekwenda. Huo ulikuwa uongo, na aliyeambiwa alimtazama kwa namna ambayo Anania hataisahau, kwa sababu alikuwa mtu mzoefu wa uongo wa aina hiyo.

Basi alikwenda Alhamisi, kaka yake akiwa amekwisha kuaga. Alimkuta Dorcas nyumbani kwao Nyakitonto akipepeta maharage. Alikaribishwa vizuri, akapewa kigoda na maji ya kunywa, jambo lililomuumiza kuliko kama angefukuzwa. Alipomaliza kusema na kuomba radhi, Dorcas alipepeta ungo mzima kabla ya kujibu.

"Nimekusikia, Mwalimu. Lakini mimi sikusimamishwa hapa Nyakitonto. Nilisimamishwa Kitahana, uani kwa mama mkwe, watu wakinitazama. Hayo maneno yako umeyaleta mahali pasipo pake. Yapeleke kule."

Mwalimu aliuliza kama atakuja kumzika shemeji yake. Dorcas aliuliza tu mazishi ni saa ngapi.

Kwa hiyo maneno yameletwa mahali pake, leo Jumamosi tarehe 5 Septemba 1998, katika ua ule ule, mbele ya watu wale wale, mmoja wao akiwa ndiye msomaji. Vipande viwili vya jiwe viko juu ya meza kando ya jeneza. Niyubahwe amekuja na mtoto wake Ndihokubwayo, atakabidhiwa baada ya sala. Havitasaga tena, lakini ni mali ya mama yake.

Marehemu ameacha mjane, Immakulata, watoto watatu, Jeanne, Venansi na Skolastika, wajukuu wanne, na mdogo wake, Anania. Katika karatasi mlizoshika, baada ya jina la Anania mtaona mstari mtupu. Bwana Isihaka alidhani tumesahau kitu akataka kuuziba. Hatukusahau. Hapo ni mahali pa jina la Dorcas, shemeji wa marehemu. Mwalimu Anania hakuthubutu kulichapa bila ruhusa ya mwenyewe, kwa kuwa mara ya mwisho jina hilo lilitumiwa katika ua huu bila ruhusa yake. Kama amekuja, kalamu iko mezani, karibu na mawe. Kama hakuja, au amekuja na hataki, mstari ubaki hivyo hivyo, na kila mmoja wetu aende nao nyumbani kwake.

Dorcas hakuchukua jiwe. Yeye aliye hai na apumzike kwanza. Kisha Tharsisi naye, Mungu akimpokea na madaftari yake yote, apumzike kwa amani.